Panya Asiyeandikwa

Kuna chai ya Kericho ambayo majani yake ni ya zambarau tangu shambani. Wataalamu wanaiita TRFK 306. Taasisi ya utafiti wa chai pale Kericho iliitoa rasmi kwa wakulima mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya kuchagua miche na kuipima. Rangi yake inatokana na kemikali zinazoitwa anthosianini, zilezile zinazoipa zabibu nyeusi weusi wake. Ukiiona dukani mjini, imefungwa vizuri na bei yake imechangamka, utaambiwa ni chai ya afya.

Sawa. Lakini hiyo habari ya afya ilipitia kwa nani kabla ya kufika kwako?

Ilipitia kwa panya. Mwaka 2014 jarida la Nutritional Neuroscience lilichapisha utafiti wa Rashid, Wachira na wenzao kuhusu chai ya zambarau ya Kenya. Panya walipewa anthosianini za chai hiyo, kisha ubongo wao ukachunguzwa. Ikaonekana kwamba kemikali hizo zinavuka ule ukuta unaochuja vitu vinavyotoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Ni matokeo mazuri, ya kujivunia. Ila hakuna namna ya kuupima ubongo wa panya namna hiyo na panya akabaki hai. Hilo halijafichwa, kila anayesoma sayansi analijua.

Ninaposema panya hapa, namaanisha yule mdogo wa gramu 20 hadi 30, wa jamii ya wale wanaotafuna mahindi ghalani. Buku wa mitaroni muache huko.

Na sitaki kuzungumzia panya walioingia kwenye makala kama ile. Wale wameandikwa: idadi yao, uzito wao, walichokula, walivyokufa. Swali langu linahusu panya wengine, wale wanaozaliwa katika vyumba vya kuzalishia vya maabara duniani kote halafu hawaingii kwenye utafiti wowote, kwa sababu walizaliwa dume wakati jike ndiye aliyehitajika, au walirithi jeni isiyotakiwa, au walifika wiki mbili baada ya kazi kuisha. Hawa huuawa wakiwa wazima wa afya, kwa gesi au kwa kuvunjwa shingo, na jarida halina mstari wa kuwataja. Je, tunawadai kitu? Au tuseme vizuri zaidi: wanatudai?

Kwanza uone jinsi wanavyopatikana, maana maadili ya jambo hili yamejificha ndani ya hesabu.

Panya jike hubeba mimba siku 19 hadi 21. Watoto wake huachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu, na wakifika wiki sita hadi nane wanaweza kuzaa wenyewe. Uzao mmoja unaweza kuwa na watoto sita, saba au wanane, kutegemea ukoo. Halafu kuna hili: ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, jike anaweza kushika mimba nyingine. Ukimwachia dume kizimbani, atanyonyesha uzao mmoja huku akibeba mwingine tumboni. Mtu wa Kericho au Bomet ataielewa kasi hii bila kuelezwa sana, kwa sababu chai nayo haisubiri. Wachumaji hurudi kwenye mchai uleule kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kwa yale majani mawili na chipukizi. Ukichelewa, jani limekomaa na limepoteza thamani. Ukichelewa kwa panya, una vizimba ishirini ambavyo hukuvipanga.

Kufanana hakuishii hapo. Tukitazama zile kijani zilizonyooka kutoka Litein hadi Kericho mjini tunaona vichaka, lakini mchai kwa asili yake ni mti. Ungeachwa ungerefuka kupita paa la nyumba. Ule usawa wa kiunoni umetengenezwa kwa panga la kupogoa, mwaka baada ya mwaka, ili mkono wa mchumaji ufike. Panya wa maabara naye ametengenezwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Granby, Massachusetts, mwanamke aitwaye Abbie Lathrop, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa akifuga panya wa kuuza kama wanyama wa kuchezea nyumbani. Watafiti wakaanza kununua kwake. Mwanabiolojia Clarence Cook Little akaanza mwaka 1909 kuzalisha panya kwa kumpandisha ndugu kwa dada, kizazi hadi kizazi. Mwaka 1921, kutoka kwa panya wa Lathrop, akaanzisha ukoo unaoitwa C57BL, panya weusi ambao hadi leo ndio wengi kuliko wote katika maabara za dunia. Baada ya vizazi 20 vya ndugu kwa dada, panya wote wa ukoo mmoja huwa karibu sawa kabisa kijeni, kama pacha.

Wakulima wetu wa chai wanaujua usawa huo kwa njia nyingine. Unakata kipande cha shina chenye jani moja kutoka kwa mchai mama aliye bora, unakiotesha kwenye kitalu, na kinakua kikiwa nakala ya mama. Shamba zima linaweza kuwa mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Tofauti kubwa ni kwamba kipandikizi cha chai hakizai ndugu wasiotakiwa. Ukitaka miche 500, unakata vipande 500 na vichache vya akiba. Panya hana kitalu cha namna hiyo. Lazima dume akutane na jike, na wakikutana, asili inachanganya karata bila kuuliza daftari lako linataka nini.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Chukua mfano. Mtafiti anahitaji panya wanane wenye nakala mbili za jeni fulani iliyobadilika, na wanane wa kulinganisha nao wasio na mabadiliko hayo. Ameamua atatumia madume tu. Anapandisha wazazi ambao kila mmoja ana nakala moja. Katika watoto wanaozaliwa, robo tu ndio watakaokuwa na nakala mbili, na nusu ya robo hiyo ndio madume. Yaani mmoja kati ya wanane. Ili apate wanane anaowataka, lazima wazaliwe panya 64. Kati yao pia kutakuwa na madume wanane wasio na jeni ile kabisa, wa kulinganisha. Jumla waliotumika ni 16. Waliobaki ni 48.

Sasa mpe kazi hiyohiyo msimamizi mwingine. Anauliza maswali mawili kabla hajafungua kizimba. Je, panya mwenye nakala mbili ana afya na anaweza kuzaa? Kama ndiyo, ampandishe na mwenye nakala moja. Nusu ya watoto watakuwa na nakala mbili. Na je, mwenye nakala moja anaonekana na kuishi kama asiye nayo? Kama ndiyo, basi hao ndugu wa nusu nyingine wanafaa kulinganishwa. Akitumia na majike pia, anahitaji watoto 16. Wanane hivi, wanane vile. Waliobaki kwenye karatasi: sifuri. Asili haifuati wastani kwa utiifu, kwa hiyo ataongeza wachache wa akiba. Lakini ona umbali kati ya 48 na wachache. Utafiti ni uleule na jibu litakalopatikana lina uzito uleule. Tofauti yote ni mtu mmoja kukaa na kalamu kwa nusu saa.

Na ule uamuzi wa madume tu? Kwa miongo mingi watafiti wengi waliamini kwamba majike, kwa sababu ya mzunguko wa homoni, hutoa matokeo yanayoyumba. Mwaka 2014 Prendergast na wenzake walipitia makala 293 na kukuta kwamba majike hawayumbi kuliko madume. Fikiria hilo taratibu. Dhana ambayo haikuwa imepimwa vizuri iliwafanya majike wasiohesabika wazaliwe, watazamwe chini ya mkia, halafu waondolewe.

Usidhani nazungumzia vitu vya pembeni. Tume ya Ulaya iliripoti kwamba mwaka 2017, katika nchi za Umoja wa Ulaya, wanyama milioni 12.6 walizalishwa kwa ajili ya utafiti na kuuawa bila kutumika katika jaribio lolote. Wengi wao walikuwa panya. Wanyama waliotumika katika majaribio mwaka huohuo walikuwa kama milioni 9.4. Waliokufa nje ya sayansi walikuwa wengi kuliko walioingia ndani. Na hizo ni nchi ambazo zimejitahidi kuhesabu. Penye watu wasiohesabu, hata namba ya kutushtua hatuna.

Sasa kuna majibu matatu ambayo mtu anaweza kunirudishia, na yote nimeyasikia yakisemwa na watu wenye akili timamu.

La kwanza: ni panya tu, bwana. Nyumbani Bomet tunawategea mitego ghalani, tunawawekea sumu, na hakuna anayeandika insha. Ni kweli. Lakini panya wa ghalani na wa maabara hawako katika hali moja mbele yako. Wa ghalani alikuja mwenyewe kula mahindi yako. Kati yenu kuna ugomvi, na ugomvi una kanuni zake. Wa maabara hakuja. Ulimwita. Ulipanga siku ya kuzaliwa kwake, ulimchagulia wazazi, ulimfungia mlango. Mgeni uliyemwalika humtendei kama mwizi, hata kama wote wawili wana mkia. Tena tunajua kwamba panya huyu anahisi. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya wanaoshikwa mkia hupata wasiwasi mwingi kuliko wanaobebwa ndani ya bomba dogo au kwenye viganja vilivyokunjwa. Kiumbe anayetofautisha mkono na mkono si kifaa.

La pili ni la kifalsafa kidogo: bila sisi, panya huyu asingekuwepo. Tumempa wiki tano za uhai, chakula, joto, usalama dhidi ya paka. Analalamikia nini? Jibu hili linavutia mpaka uligeuze. Mzazi naye amempa mtoto uhai, na hakuna anayekubali kwamba kwa hiyo anaweza kumfanyia atakavyo. Kumleta mtu duniani kunaongeza wajibu wako kwake. Hakukupi hati ya umiliki. Na ukisema panya si mtoto, nakubali. Wajibu wenyewe utakuwa mdogo zaidi, wa kiwango cha panya. Lakini mdogo si sifuri.

Hata wafugaji wa Bomet wanalijua hili bila kusoma falsafa. Ng'ombe wa maziwa akizaa dume, furaha ya boma inapungua kidogo. Kila mtu ameshaona: huyu hatatoa maziwa, na maziwa ya mama yake ni ya kuuza. Ndiyo maana leo mfugaji anayeweza kumudu hulipa zaidi kwa mbegu zilizochambuliwa jinsia, ili azaliwe ndama jike. Anafanya hivyo kwa ajili ya mfuko wake, lakini kuna adabu ndani yake pia: ni afadhali asizaliwe kuliko azaliwe kisha tumtazame kama hasara. Isitoshe ndama dume bado anaweza kulelewa, akauzwa, akaliwa kwenye sherehe. Katika nchi nyingine panya wa ziada hupelekwa kwenye bustani za wanyama wakalishwe nyoka na ndege wawindaji. Wengi huishia kwenye tanuri la taka.

La tatu ndilo zito: sayansi inaokoa watu. Na mimi si mtu wa kulibeza hilo, hasa nikiandika kuhusu Kericho. Mwaka 2003 watafiti wa KEMRI na Walter Reed walianza kufuatilia watu wazima zaidi ya 2,800 walioishi katika mashamba ya chai ya Kericho, ili kuelewa jinsi virusi vya UKIMWI vinavyoenea. Baadaye Kericho ikaungana na Kampala na Mbeya katika kupima chanjo ya majaribio. Chanjo haiendi moja kwa moja kwenye mkono wa mchuma chai. Hupita kwanza kwa wanyama. Vivyo hivyo kwa malale, ugonjwa uliosumbua sehemu za magharibi ya nchi yetu kwa vizazi. Mwaka 1997 Stephen Kemp na wenzake, wakiwemo wa ILRI pale Nairobi, walichapisha sehemu za kromosomu zinazomfanya panya mmoja avumilie vimelea vya nagana huku mwingine akifa haraka. Panya weusi wa C57BL/6, wale wa Little, huvumilia. Wa ukoo wa A/J na BALB/c huzidiwa mapema. Ujuzi wa namna hiyo unaanzia kwa panya na unaelekea kwa ng'ombe wa Mmaasai na wa Mkipsigis.

Kwa hiyo mimi nalikubali jibu la tatu. Lakini tazama linamtetea nani. Linatetea kifo cha panya aliyetumika. Kifo chake kilinunua kitu, na tunaweza kubishana kama bei ilikuwa sawa. Panya wa ziada hana utetezi huo. Huwezi kusimama mbele yake ukamwambia kwamba wagonjwa watapona kwa sababu yake. Uzito wote wa sababu zetu nzuri, chanjo, malale, ubongo, chai, unaishia kwenye mlango wa kizimba cha jirani yake. Hata sheria inaishia karibu na hapo. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka mtu awe na leseni ndipo afanye majaribio kwa wanyama. Neno ni majaribio. Huyu hakufika kwenye jaribio.

Ndiyo maana nasema jambo ambalo kwa masikio ya vijana wa mjini linaweza kuonekana baridi: katika chumba cha panya, ufanisi ni wajibu wa kimaadili. Tumezoea kuliona neno hilo kama la mabosi, la wale wanaopunguza chai ya saa nne ofisini. Lakini hapa mtu mwenye huruma na mtu mwenye daftari wanapaswa kuwa mtu mmoja. Msimamizi mwenye moyo mwororo anayeacha majozi yaendelee kuzaa kwa sababu labda kuna mtu atahitaji, ataua wengi kuliko yule mkavu anayeuliza wangapi, lini, na kwa nini.

Kazi yenyewe haina maajabu. Usizalishe kwa ajili ya labda. Tenganisha dume na jike pasipokuwa na ombi. Andika kila uzao: tarehe, idadi waliozaliwa, waliofika siku ya kuachishwa, jeni zao, walikokwenda. Wapumzishe wazazi waliochoka, kwa kawaida baada ya miezi sita hadi minane, kwa sababu jike mzee huzaa wachache na hupoteza watoto. Wape nyenzo za kutosha za kujengea kiota, maana watoto wenye joto huishi, na anayeishi hahitaji kuzalishwa mwingine wa kuziba nafasi yake. Ukoo usiohitajika mwaka huu, hifadhi viinitete vyake kwenye barafu. Hilo limewezekana kwa panya tangu 1972. Na shirikianeni. Mwaka 1947 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Maabara ya Jackson kule Maine, maabara aliyoianzisha Little, na panya wake. Ikasimama tena kwa sababu watafiti waliokuwa wamepewa panya wa pale walirudisha jozi za wazao wao. Aliyegawa ndiye aliyeokoka.

Haya yote yanaweza kuwekwa chini ya mwavuli ambao William Russell na Rex Burch waliufungua mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine unapoweza, punguza idadi, rekebisha namna unavyowatendea. Wanafunzi wa biolojia hukariri maneno hayo matatu kwa ajili ya mtihani. Yanapokaa kweli ni kwenye kadi iliyobandikwa mbele ya kizimba.

Lakini hapa lazima nisimame, kwa sababu Kericho imetufundisha upande mwingine wa neno ufanisi.

Mwezi Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi kwa saa moja, na kwenye karatasi ya kampuni hilo linaitwa ufanisi bila aibu yoyote. Kilo kwa saa zimepanda. Gharama kwa kilo imeshuka. Lakini karatasi hiyo haikuwa na safu ya mama aliyekuwa akilipia karo kwa kilo anazochuma. Hakuondolewa kwenye hesabu kwa chuki, hakuwahi kuwemo. Sifananishi mchuma chai na panya, msinielewe vibaya. Ninafananisha karatasi mbili. Kila ufanisi ni kitu kinachogawanywa kwa kitu kingine, na mambo yote yako katika kujua umeweka nini juu na nini chini.

Rudi kwenye chumba cha panya. Msimamizi anaweza kupima idadi ya watoto kwa kila kizimba kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, mkakati bora ni kumwacha dume na jike pamoja siku zote, yule mama anyonyeshe huku amebeba, kizimba kisilale. Namba inapanda, mhasibu anafurahi, na ziada inapanda pia. Au anaweza kupima waliotumika kwa kila mia waliozaliwa. Kwa kipimo hiki, yule mtafiti wa kwanza katika mfano wetu ana 25, na wa pili anakaribia 100. Vipimo vyote viwili vinaitwa ufanisi. Kimoja hakimwoni panya wa ziada kabisa. Kingine hakiwezi kuandikwa bila yeye.

Kuna pingamizi moja zaidi, na ndilo linalonisumbua. Mwanafalsafa wa Marekani Tom Regan alishikilia, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu haki za wanyama, kwamba mnyama ana maisha yake mwenyewe na hafai kuwa chombo cha faida ya wengine, hata faida hiyo iwe kubwa kiasi gani. Kwa macho ya Regan, mimi hapa napanga viti vizuri ndani ya nyumba isiyopaswa kujengwa. Na hata bila Regan kuna hatari ya kawaida kabisa: kitu kikiwa rahisi, tunakitumia zaidi. Bando za intaneti ziliposhuka bei hatukubaki na akiba. Tulianza kutazama video mpaka saa nane usiku. Panya wakipatikana kwa urahisi na kwa usafi, si watafiti watabuni majaribio mengi zaidi?

Wanaweza. Ndiyo maana hesabu nzuri haiwezi kuchukua nafasi ya swali la kwanza, lile la kama jaribio hili lifanyike kabisa, na kama chembe hai kwenye sahani au kompyuta haiwezi kulijibu. Ufanisi unakuja baada ya hapo. Regan anatudai jibu kuhusu panya aliyetumika, na sidhani kama nimemlipa. Lakini kuhusu panya wa ziada, Regan na mtafiti wa chanjo hawana ugomvi wowote. Wote wawili wanaweza kukubaliana leo, kabla ya mjadala mkubwa kwisha, kwamba yule wa 48 hakupaswa kuzaliwa. Si mara nyingi maadili yanatupa mahali ambapo pande zote zinaweza kuanza kazi kesho asubuhi.

Kuna methali ya zamani ya pwani isemayo, Mgala muue na haki mpe. Ina ukabila ndani yake na siipendi kwa hilo. Lakini wazo lake ni gumu na halizeeki: hata unayemuua ana kitu chako cha kumlipa, na kuua hakufuti deni. Kwa panya, haki hiyo naiona kuwa ndogo na inayowezekana. Asishikwe mkia. Asife kwa ajili ya labda. Na aandikwe.

Hilo la mwisho lina mahali pake pa kuanzia. Makala za sayansi husema panya wangapi walitumika. Ziseme pia wangapi walizalishwa ili hao wapatikane. Mstari mmoja tu: walizaliwa 64, walitumika 16. Anayejua kwamba mstari huo utasomwa na wenzake ataketi na kalamu kabla ya kufungua kizimba. Kama wewe ni mwanafunzi wa biolojia pale Kabianga, au Nairobi, au Maseno, na kesho unapeleka pendekezo la utafiti, hakuna sheria inayokukataza kuuweka mstari huo mwenyewe. Kamati ya maadili ikikuuliza umetoka wapi, waambie ni safu iliyokosekana kwenye daftari.

Kisha ukinunua ile chai ya zambarau, inywe. Ni chai nzuri.